Ethanoli, Methanoli, na Jina Nililolitaja

Kavira mwanangu,

Mambo ya safari yako ya kazi Kampala sitayagusa. Mama yako amekwisha kukuimbia yote tangu juzi: soksi, dawa ya malaria, karatasi ya kuvukia bariyeri, na namna ya kukaa ndani ya basi bila kumpa mutu mufuko wako akushikie. Mimi nikiongeza hapo nitakuwa ninapiga kelele tu. Nimekaa hapa mezani kwa sababu ya swali lako la jioni.

Uliniuliza vizuri kabisa, na heshima zote. Ulisema, "Papa, ule muzee wa garaji ya Kampala ataniuliza. Ethanoli ama methanoli ya kupuliza, gani iko muzuri kwa gari ya turbo?" Nikakuambia ule chakula chako. Ukacheka, ukafikiri ninatania, ukauliza tena. Ndipo nikapiga meza mpaka majani ya sombe yakaruka kwenye sahani ya mama yako, nikasema usinitajie ile kitu katika nyumba yangu. Papa yako Mudogo Kambale akageuza uso upande wangu, akasema, "Yaya, kaka yangu, kuna nini? Mutoto iko anauliza mambo ya kazi." Wewe ukakusanya sahani, ukaenda kuosha.

Mama yako ameniambia ulilia huko jikoni. Anasema unaamini kwamba mpaka leo mimi ninaona haya kuwa na binti fundi, na kwamba ndiyo maana sikutaka kukujibu mbele ya watu. Loo, Kavira! Nilikufundisha mimi mwenyewe kusikiliza moteri kwa bisibisi sikioni, ukiwa hujafika hata kwenye bega langu. Ulifungua boksi ya gia peke yako pale garaji yetu ya Murara na nikawaita majirani waje waone. Mimi sina haya juu yako. Haya niliyonayo ni ya kwangu mwenyewe, na ni nyingi, na zinanirudia kila mara neno methanoli linapotajwa. Siwezi kukuacha uvuke mpaka ukidhani haya hizo ni zako. Kwa hiyo nitakujibu swali, halafu nitakuambia kwa nini sikuweza kulijibu.

Bon. Tuanze na kazi.

Unajua turbo inasukuma hewa nyingi ndani ya moteri, na hewa ikibanwa inapata joto. Hewa ya joto pamoja na esanse mbaya, petroli chafu, inalipuka kabla ya cheche ya buji, na hapo unasikia moteri inagonga, tak tak tak, kama mutu anatikisa misumari ndani ya kopo. Ukiiacha igonge utatoboa pistoni. Kazi ya pombe zote mbili ni kupoza ule moto na kuuchelewesha, basi. Hakuna uchawi hapo, ingawa vijana wa magari wanaongea kama kuna uchawi.

Ethanoli unaiweka ndani ya tanki, inapita njia ile ile ya esanse. Uzuri wake ni kwamba ulinzi uko kila wakati: maadamu moteri inakunywa, inakunywa pamoja na dawa yake. Ubaya wake, inakunywa sana. Usimdanganye mwenye gari. Mwambie mapema kwamba karibu theluthi moja zaidi itaenda, na kwamba pampu na sindano za kupulizia lazima ziwe kubwa kuliko zile zilizokuja na gari. Halafu ethanoli inapenda maji. Ukiacha kifuniko wazi inayavuta kutoka hewani. Na mipira ya zamani, ile mipira iliyochoka, inaila. Asubuhi ya baridi moteri inakataa kuamka. Ukibadilisha kipimo cha ethanoli na esanse, lazima upange upya moteri yote, usiseme tu "itajizoesha." Haijizoeshi.

Methanoli ya kupuliza ni njia nyingine kabisa. Esanse inabaki ndani ya tanki yake. Methanoli unaichanganya na maji, nusu kwa nusu, unaiweka ndani ya katanki kadogo pembeni, na pampu ndogo inaipuliza kwenye bomba la hewa wakati turbo inasukuma tu. Inapoza vizuri ajabu. Ukigusa lile bomba baada ya mulima wa kwanza utashangaa. Haitaki kubadilisha mambo mengi ndani ya gari, ndiyo maana watu wanaipenda. Lakini maisha yote ya moteri yanakuwa mikononi mwa katundu kamoja kembamba kama ncha ya sindano. Kakizibwa na vumbi, ama katanki kakiisha na dereva hajaangalia, turbo inaendelea kusukuma, dawa haipo, na pistoni zinayeyuka kabla hujatoa mguu. Kwa hiyo usifunge kifaa hicho kwenye gari ya mutu bila kitu cha kupunguza turbo chenyewe pale methanoli inapokosa kufika. Akikataa kukinunua, mwambie akatafute fundi mwingine.

Gari ya kutembelea kila siku, mimi ningechagua ethanoli, kama inapatikana safi. Gari ya mashindano, yenye fundi anayesimama juu yake na kukagua kila kitu, methanoli inafaa. Hilo ndilo jibu. Limechukua mistari michache tu na lingeweza kusemwa juu ya ugali na sombe bila mutu kulia.

Sasa lile lingine.

Ulikuwa ungali shule ya msingi. Patro mumoja, mufanyabiashara wa kwetu Butembo, alileta gari ya buluu yenye turbo pale garaji, gari iliyotoka Japani ikiwa na nguvu kuliko barabara zetu zote. Walikuwa wanashindana na marafiki zake, kupanda barabara ya Rutshuru alfajiri kabla ya malori kuamka. Hiyo gari ilikuwa inagonga vibaya, maana esanse ya chupa za kando ya barabara unajua mwenyewe, kuna mafuta ya taa ndani yake na Mungu peke yake anajua nini kingine. Patro akasema, "Fundi, huko Kampala banaweka alkoli." Na mimi, kwa majivuno yangu, badala ya kusema sijui, nikasema, "Hiyo ni kazi ndogo."

Nikaenda Munigi kwa Mama Uwimana. Wewe humujui kwa jina hilo, subiri, utamujua. Alikuwa mama wa Masisi, mujane, anapika kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji. Na alipika safi. Ile yake ukiimwaga kwenye kijiko na kuiwasha, inawaka buluu mpaka tone la mwisho, ama hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nikamuomba aipitishe motoni mara ya pili na ya tatu, akacheka mpaka akashika mbavu. "Fundi, weye unataka kulewesha gari?" Akaniletea dumu, bidoni ya manjano, kifuniko chake kimefungwa kipande cha kitenge chekundu, alama yake. Kila mutu wa Munigi mpaka Murara alikuwa anaijua alama hiyo. Bidoni yenye kitambaa kile, walevi walikuwa hawainusi hata, wanakunywa tu kwa imani.

Nikaichanganya na esanse. Gari ilitembea vizuri mpaka kwenye kona za Kibati, halafu ikakohoa, ikafa. Kanyanga ilikuwa bado na maji, na maji yalijitenga, yakakaa chini ya tanki pale pampu inaponyonya. Tuliivuta na kamba huku patro amekaa ndani, miwani usoni, na watoto wa Kibati wanaimba nyuma yetu. Nilicheka na mimi. Bado kilikuwa kitu cha kuchekesha wakati huo.

Baada ya hapo patro akaleta kifaa cha kupuliza, kimetoka mbali, pamoja na pipa dogo la methanoli. Akaniambia waziwazi, "Fundi, hii ni sumu. Isiguse hata mukono." Nilisikia. Sitaki ufikiri sikusikia. Nikafunga kifaa, gari ikapanda barabara ya Rutshuru kama imekasirika, na mimi nikawa fundi mukubwa, wanakuja kunisalimia mpaka watu wa Keshero.

Halafu pipa lile likaanza kuvuja kwenye mushono. Nikatafuta kitu cha kuhamishia. Pale pembeni kulikuwa na bidoni ya manjano, tupu, kavu, yenye kifuniko kizuri. Nikamimina. Sikuandika kitu juu yake. Hata kile kitambaa chekundu sikukitoa, kwa sababu kilikuwa kinasaidia kifuniko kukaza. Nikaiweka chini ya meza ya kazi, nikaendelea na mambo yangu.

Kambale alikuja siku ya pili yake kutoka Butembo na lori lake. Wewe unamukumbuka kidogo akiwa dereva, unakumbuka alivyokuwa anapiga honi tangu Virunga ili mama yako aweke maji ya kuoga motoni. Alifika amechoka, mimi nilikuwa nimeenda kutafuta boliti. Aliona bidoni, aliona kitambaa, akamimina kikombe. Akamimina na cha pili. Niliporudi, nikamukuta amekaa juu ya tairi anafurahi, anasema kanyanga ya Mama Uwimana imekuwa laini siku hizi. Nikaona kikombe. Nikaona bidoni.

Nilijua, Kavira. Pale pale, nikiwa nimesimama na boliti mukononi, nilijua. Nikamuambia anywe maji, alale. Nikajiambia ni kidogo tu, itatoka na mukojo. Alilala vizuri. Asubuhi akawa kama mulevi wa kawaida. Mchana akaanza kutapika, akasema kuna ukungu ndani ya nyumba, akauliza kwa nini tumepika na makala mabichi, mkaa wa moshi. Mama yako akafungua madirisha yote. Jioni akasema, "Yaya, washa taa." Taa ilikuwa inawaka.

Huko hospitali dokta aliniita pembeni. Alikuwa kijana, mupole, na aliuliza vile inavyotakiwa kuuliza. "Alikunywa nini?" Nikasema kanyanga. Akaniangalia nguo zangu za kazi zenye mafuta, akasema, "Papa, weye ni fundi. Hakuna alkoli ingine pale garaji? Ya kusafishia, ya viwanda? Fikiri vizuri." Nikasema, "Hapana dokta. Ni kanyanga tu, ya mama mumoja wa Munigi." Akauliza tena mara ya mwisho, nikaapa.

Ningependa kukuambia kwamba patro alinitisha. Hakunitisha; hakuwa hata Goma. Ningependa kukuambia kwamba nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Niliona kichwani watu wakisema fundi amemutia ndugu yake sumu, nikaona garaji imefungwa, nikaona polisi, nikaona mama yetu Butembo ananiuliza mutoto wake wa mwisho yuko wapi. Nikachagua. Ilichukua muda wa kupumua mara moja.

Na sasa ndilo jambo ambalo nimelibeba peke yangu, na ndilo lililonifanya nipige meza jioni ya leo. Miezi kadhaa baadaye nilisoma kwenye telefone kuhusu methanoli. Mwili ndio unaoigeuza kuwa sumu ya macho, polepole, kwa masaa mengi. Na dawa moja ambayo hospitali zinaweza kutumia kuizuia, unajua ni nini? Ethanoli. Zikikutana ndani ya mwili, mwili unahangaika na ethanoli kwanza na kuiacha methanoli ingojee, na madaktari wanapata nafasi ya kuitoa. Ni kazi ya hospitali, na vipimo, usije ukamumiminia mutu kanyanga nyumbani kwa sababu ya barua yangu. Lakini yule dokta kijana alikuwa anauliza kwa sababu hiyo. Kama ningesema neno moja tu, pengine leo Kambale angekuwa anakupigia honi. Sina hakika. Nitakufa bila kuwa na hakika.

Kwa hiyo ukiniuliza nilinganishe ethanoli na methanoli, mwanangu, akili yangu haiendi kwenye turbo. Inaenda kwenye korido ya hospitali.

Na bado sijamaliza. Nilitaka kuishia hapo, nimezunguka hii meza, lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya tena.

Mama Uwimana alikuja hospitali. Alikuja na termosi ya uji, amevaa kitenge chake cha kanisani. Akanikuta mulangoni. Akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, ile bidoni yangu ilikwisha siku mingi, uliitia ndani ya gari. Mimi na weye tunajua." Nikamuambia atoke. Nikamuambia kwa sauti kubwa ili watu wasikie, "Toka hapa, umemaliza ndugu yangu." Akaweka termosi chini, akasema, "Imana inaona," ndiyo Mungu kwa lugha yake, akaenda zake. Ule uji sikumpa Kambale. Niliumwaga.

Vijana wa mutaa walikuja kuniuliza ni nani aliyemuuzia Kambale ile pombe. Sikuhitaji hata kusema mengi. Nilitaja jina, na jina lenyewe likafanya kazi iliyobaki, maana lilikuwa jina la watu wa lugha ile nyingine, na miaka ile, kama miaka hii, kulikuwa na watu waliokuwa wanangojea tu kuambiwa. Sikusema "hawa watu." Wao ndio walisema. Lakini nilikuwa nimekaa pale, na nikaangalia chini, na nikaacha waseme. Walienda Munigi, wakavunja mitungi yake na mapipa yake ya kupikia, wakamwaga kila kitu juu ya mawe, wakamuambia arudi kwao. Kwao! Mama aliyezaliwa Masisi, aliyewazika wazazi wake Masisi. Alikimbia na watoto wake, na ilichukua muda mrefu kabla hajarudi.

Alirudi akiuza makala. Sasa umemujua. Ni ule mama wa makala wa karibu na soko la Murara, yule mwembamba, ambaye mama yako hapiti karibu yake. Siku moja tulikuwa tunatoka misa, wewe umemushika mukono Papa Mudogo kama kawaida yako, unamuonyesha mashimo ya njia. Tulipofika mbele yake, ulimuachia mukono, ukasogea, ukatema mate karibu na miguu yake. Ukasema, "Mulozi." Ulikuwa na gauni ya njano na soksi nyeupe. Kambale akauliza, "Kavira ametemea nani?" Mimi nikasema, "Hakuna kitu, twende."

Yule mama hakukuangalia wewe hata kidogo. Aliniangalia mimi. Hakuwa na hasira, au kama ilikuwapo aliificha vizuri. Alikuwa ananipa nafasi. Watu walikuwa wengi, mutoto wangu amefanya kitu kibaya mbele ya wote, na papa yeyote mwenye akili angesema, "Omba musamaha kwa mama." Ilikuwa nafasi ndogo, hata nisingelazimika kueleza. Nikakushika bega, tukaenda.

Hiyo ndiyo siku ninayoionea haya kuliko zote, Kavira, hata kuliko ile ya dokta. Pale kwa dokta nilikuwa mwoga tu. Siku ile nilikuwa nimekwisha kukufanya wewe uufanye uongo wangu kwa mudomo wako, na ulikuwa mutoto. Ulifikiri unamutetea Papa Mudogo. Na wale waliokuona walisema, huyu mutoto ana uchungu wa jamaa yake. Nilipata sifa mpaka kwa hilo.

Na sifa zingine sasa! Kambale mwenyewe anawaambia watu wa jumuiya kwamba mimi ni mutakatifu. Kwamba nilimuweka nyumbani kwangu, sikumurudisha Butembo, sikumuacha aombe barabarani. Akisema hivyo mimi ninainuka, ninajifanya naenda kuangalia makala. Ni kweli nilimuweka. Lakini kila ugali niliomupa nilikuwa najilipia mimi mwenyewe, na yeye alikuwa anasema asante. Wewe ulimupenda bure, umemusomea Injili kila Jumapili, umemunyoa ndevu, umemuambia gari gani inapita kwa mulio wake mpaka akajua yote. Mimi ninaona wivu, unajua? Ninaona wivu kwa sababu wewe unaweza kukaa karibu naye bila kuangalia pembeni.

Mashauri sina mengi. Mutu kama mimi akianza kushauri, watu waangalie mifuko yao. Lakini huko Kampala watakupa methanoli mukononi, na hilo siwezi kulinyamazia. Usiimimine kamwe ndani ya chombo ambacho mutu aliwahi kukinywea kitu. Andika jina lake kwa rangi, kubwa, pande zote, na kama pale kuna mutu asiyejua kusoma, chora. Vaa glavu, fungua milango, na kumbuka ndimi zake za moto hazionekani vizuri mchana. Mutu akiinywa, hata tone, hata kama ni kosa lako, hata kama watakufukuza siku hiyo hiyo, sema jina lake kwa dokta kabla hujasema jina lako. Garaji ziko mingi. Utapata ingine.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba nakuomba asubuhi umusomee Papa Mudogo barua hii, kwa sababu ndiwe unayemusomea kila kitu. Nimefuta. Ona bado naweza kufikiri vile! Baada ya yote niliyokuandikia, mukono wangu bado ulikuwa unakusukuma wewe mbele.

Ngoja. Anakohoa huko chumbani, ameamka. Ameuliza nani ameacha taa, amesikia harufu ya petromaksi. Ninaenda.

Nimerudi. Nimeketi tena mezani.

Nilimuambia yote, vile nilivyokuandikia wewe, bidoni, dokta, jina. Nilikaa sakafuni. Sikujua kwamba mama yako amesimama mulangoni mpaka nilipomusikia anasema, "Ee Yezu," halafu akaketi pale pale kizingitini. Kambale akakaa wima kitandani. Halafu akauliza, "Dokta alikuuliza?" Nikasema aliniuliza. "Mara ngapi?" Nikasema zaidi ya mara moja. Akatingisha kichwa. Akasema, "Na mimi nilikuwa namulaani yule mama kila nikisali." Akasema hivyo mara kadhaa. Nikataka kumushika mukono, akauvuta. Hakuuvuta kwa nguvu, aliuondoa tu, kama mutu anayeondoa mukono wake kwenye kitu cha moto.

Akainuka, akapapasa ukuta mwenyewe mpaka nje, na mimi nikamufuata. Akasema wewe usizuiliwe safari, na usiondoke bila kujua, nikamuambia nimekuandikia. Akauliza Mama Uwimana anakaa wapi siku hizi. Nikasema amerudi kule kule Munigi. Akasema, "Kesho Kavira akisha kuvuka, utanipeleka kwake. Kwa miguu."

Nikasema sawa, nitakushika mukono pole pole, njia ina mawe.

Akasema, "Hapana, hutanishika. Utatangulia mbele, na utakuwa unasema. Kila kitu, tangu mwanzo, kwa sauti ya kusikika na batu ba njiani. Mimi nitafuata sauti yako. Ukinyamaza, nitasimama pale pale barabarani."

Papa yako